Presha ya Bibi wa Magoma

Juzi, katika zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa hapa Magoma, mganga kijana alimpima bibi mmoja presha, akaikuta iko juu.

"Bibi, tuliza mawazo."

Bibi akafumba macho. Alipopimwa tena, ikawa ileile.

"Basi vuta pumzi, uishushe polepole, huku ukiutazama mshale wa kipimo."

Safari hii ikashuka. Bibi akampapasa mganga shavu. "Ahsante, mume wangu. Kichwa hakisikii, kifua kinasikia."

Mumewe wa kweli, mzee aliyekaa mlangoni, akakunja mkono wa shati. "Nipime na mimi. Kila alipovuta pumzi nimevuta, na hilo la mume nimelisikia."

Wataalamu wabishane tuanze kutuliza kichwa au kifua. Presha ya mzee nayo ilikutwa juu, na haikushuka mpaka bibi alipomwambia, "Pumua, mzee wangu. Ugali nitakupikia wewe."