Shati la Baba Neema

Ukiniambia wivu ulinipa macho ya uongo, sitagombana nawe. Wivu nilikuwa nao, tena mwingi. Lakini yule mwanamke nilimwona jua likiwa utosini, hapa hapa Bunia, kwenye mto Nyamukau, na nikaongea naye.

Ilikuwa wakati wa vita. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa akipeleka chumvi na sabuni kwa baiskeli hadi Mongbwalu, kwa wachimba dhahabu. Njia ilijaa watu wenye bunduki, basi yeye na wenzake wawili wakaenda kwa mzee mmoja kuogeshwa dawa ya kuzuia risasi. Sharti lake? Mwanamke asikuguse mpaka uende safari na kurudi. Mume wangu akahamia kwenye mkeka. Hata sahani nilikuwa namwekea chini, aiokote mwenyewe. Wewe ungeamini? Mimi nilisema moyoni: dawa gani, huyu ana mtu.

Siku ya tatu nikashuka mtoni kufua. Nikamkuta mwanamke nisiyemjua, mzuri hasa, kajifunga kikwembe kipya, anafua shati la mume wangu. Nililijua kwa mfuko, niliushona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Damu ikanichemka.

"Shati ya nani iyo?"

"Ya bwana yangu." Hata hakugeuka. "Weye uko na nyumba, miye niko na njia. Usimugusake mpaka arudie."

Kisha akalitoa shati majini. Niamini, lilikuwa kavu, halidondoshi hata tone.

Nilikimbia nyumbani, ndoo nikaiacha huko huko. Baba Neema alikuwa uani anaziba pancha ya baiskeli, shati lile lile mwilini, uzi mwekundu mfukoni. Hapo nikajua yule si mtu. Mwingine angeogopa. Mimi wivu ulizidi, maana angekuwa mtu ningemvua kile kikwembe mbele ya majirani. Huyu nimshike wapi?

Kesho yake asubuhi, akifunga mizigo, nilimrukia nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote.

"Mama Neema, achia! Utaniua!"

"Ni ule mwanamuke alikuambia vile?"

Sikumwachia mpaka nilipotosheka. Alipanda baiskeli bila kuniaga.

Walikwenda watatu, wakarudi wawili. Walimiminiwa risasi wote pamoja njiani, lakini wale wawili hawakupata hata mkwaruzo. Mume wangu walimzika kando ya njia. Wakaniletea baiskeli, na shati lake ndani ya kifurushi. Walisema limejaa damu, nisilifungue mbele ya mtoto.

Nililifungua peke yangu chumbani. Lilikuwa safi, kavu, linanukia sabuni, halina tundu. Na mfuko ulikuwa umefumuliwa, ukashonwa upya kwa uzi mweupe.

Majirani wanasema nilimuua mimi. Mchungaji wetu anasema dawa ni uongo, ni risasi tu. Ningependa kumwamini mchungaji, nami nipate usingizi. Lakini ule mfuko aliushona nani?

Dada yangu unayenisikia, mumeo akikuambia usimguse, kaa mbali, hata kama moyo unawaka. Mimi nilitaka awe wangu peke yangu, nikamkabidhi kwa yule mwanamke, kwa mikono yangu miwili.