Dada Anataka Kusomea Kuandika

Dada yangu anaandika wasifu wa marehemu. Ndiyo kazi yake, msishangae. Duka ni la fotokopi, linatazamana na hospitali, na wafiwa wakitoka kule huvuka barabara moja kwa moja hadi kwenye meza yake. Mimi nashona sare za shule chumba cha pili, tumetenganishwa na ukuta tu, kwa hiyo nasikia kila kitu. Na niseme mapema, mimi sina dogo.

Zamani bosi wake alikuwa na wasifu mmoja kwenye kompyuta, anabadilisha jina na tarehe, basi. Siku moja akasahau kubadilisha yaliyobaki. Muuza nyama mmoja, mseja tangu ujana wake, akasomewa mazikoni kwamba alikuwa mama mwema, kinara wa kwaya ya akina mama, na ameacha mume. Waombolezaji walijiuma midomo wee, wakashindwa. Ndugu zake walikuja dukani wamefura, na bosi akala kona kupitia mlango wa nyuma. Aliyebaki ni Dada. Akawaomba radhi, akawawekea viti, akawauliza huyo ndugu yao alikuwa mtu wa namna gani. Akawaandikia upya, bure.

Tangu hapo hajanakili tena. Kila marehemu anamwandika yeye kama yeye. Bosi ananung'unika kwamba anapoteza muda, lakini wateja wanamtaka yeye tu. Mwaka jana akaja mhadhiri wa chuo, amefiwa na baba yake. Aliisoma karatasi yake amesimama mlangoni, kisha akarudi ndani kumuuliza Dada amesomea wapi. Dada akacheka, akasema hapahapa, kwenye kiti hiki. Mhadhiri akamwambia kuna shahada ya uandishi, na hata watu wa umri wake wanapokelewa.

Basi, akawa amemtia ugonjwa. Dada amegonga arobaini, lakini alianza kuamka anaimba. Akaomba nafasi, akaipata. Sasa ada! Ada ya mwaka mmoja tu ilikuwa inameza akiba yote ya kuezekea nyumba mpya ya mama, nusu yake na nusu yangu, tuliyoiweka kidogo kidogo mpaka vidole vikaota sugu. Kuta zimesimama, bati hakuna.

Mama akamwita mjomba, karani mstaafu, mtu wa kupiga hesabu mpaka za chumvi. Mjomba alikuwa na swali moja: akimaliza, ataajiriwa na nani? Dada hakujua. Mwingine angebuni uongo pale pale. Yeye akafunga safari kuwatafuta waliomaliza shahada hiyo, na akatuletea ukweli wote ulivyo. Mmoja anaandika matangazo ya sabuni. Mwingine anafundisha kwa mkataba wa muda. Wa tatu anauza vifuniko vya simu, hadithi zake ziko kabatini. Nilitamani kumkanyaga mguu anyamaze. Nani anajichimbia shimo namna ile?

"Umejijibu mwenyewe, mwanangu," mjomba akasema.

Mama akamgeukia Dada. "Kwa hiyo ukimaliza utafanya nini?"

"Nitarudi dukani, mama. Sioni kingine."

"Sasa huko unafuata nini?"

Dada alikuwa anavuta pindo la gauni lake. "Naandika peke yangu, mama. Nikiona sentensi haijakaa sawa, sina wa kumuuliza. Nataka kukaa na watu wanaojua, hata kidogo, kabla sijazeeka."

Mjomba akashauri asubiri, nyumba iezekwe kwanza. Dada akasema sawa, haraka haraka, akaenda kuosha vyombo. Angebisha ningevumilia. Ile "sawa" yake ndiyo iliyonipanda kichwani. Nikamwambia mjomba nusu ya akiba ile ni jasho langu, na nimempa Dada, asiulize zaidi. Mama naye akasema amelala chini ya paa linalovuja miaka yote hiyo, hatayeyuka sasa. Mjomba akachukua kofia yake.

Dada akaenda. Ada ya mwaka wa pili hatujui itatoka wapi. Upande wa pili wa ukuta kumekuwa kimya, nasikia cherehani yangu tu, na sikujua kama mtu mzima anaweza kumkumbuka dada yake mpaka chakula kikamshinda.

Juzi alipiga simu nikiwa kazini. Mwalimu amemwandikisha ukurasa mmoja mara nne, na bado haujamridhisha. Alikuwa anasimulia hayo kwa sauti ya mtu aliyeposwa. Nikamwambia nimefurahi, na kweli nilikuwa nimefurahi. Halafu nikashindwa kujizuia, nikamuuliza atarudi lini dukani.

"Mdogo wangu," akasema, "niombee nisirudi."

Nikaitikia amina, huku machozi yananidondokea kwenye sare ya mtoto wa watu.