Milango Mitano Juu ya Mwamba

Kaka yangu alirudi kutoka Burma na koti zito la jeshi na tabia ya kulala nje ya nyumba. Koti nilijaribu kulinunua mara mbili, akakataa mara mbili. Tabia nilijaribu kuiondoa bure, nikashindwa vilevile. Mama alimtandikia ngozi ya kulalia ndani kila jioni, na kila asubuhi akakunja ngozi ile ikiwa baridi kama alivyoiacha.

Mimi nilikuwa mchuuzi wa magulio ya upande wa Kishapu. Niliuza chumvi, vibiriti, sindano na mablanketi yaliyobaki vitani, na sikuwahi kukubali bei ya kwanza ya mtu yeyote, hata ya mama mkwe. Nasema hivi ili ijulikane kwamba kwa maneno sikuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Mahali nilipoongea zaidi kuliko pote maishani ni pale juu ya mwamba, na sikuondoka na kitu.

Njia yetu ya gulioni inakata mbuga ya udongo mweusi, ule wa pamba. Kiangazi unapasuka mpaka ndama anaingiza mguu. Masika unashika kiatu na kubaki nacho. Katikati kuna mwamba bapa, mpana kama uwanja wa ngoma. Mvua ikinyesha, watu, mbuzi na baiskeli wote hukimbilia pale, kwa kuwa hakuna pengine pa kusimama.

Wakati wa vita lori lililowachukua vijana wetu lilinasa karibu na mwamba huo. Vijana sita wakakaa juu yake siku kadhaa wakisubiri udongo ukauke. Wanne walikuwa wa kwetu, kaka yangu akiwa mmoja wao. Wa tano alitoka kijiji kimoja karibu na Songwa. Wa sita alikuwa Mzinza, mchimbaji wa dhahabu wa Geita aliyekuja kwetu kutafuta ng'ombe wa mahari, jeshi likamwokota kabla hajapata hata ndama. Hawakuwa na kazi, basi wakaokota makaa ya moto wao na kuchora juu ya jiwe nyumba ambazo kila mmoja angejenga akirudi. Walibishana kuhusu upana, kuhusu vihenge, kuhusu mke atakayeingia humo. Mvua ikafuta makaa kabla lori halijang'oka.

Alirudi kaka peke yake.

Kiangazi cha kwanza baada ya kurudi, akaanza kubeba mawe. Mbuga haina jiwe la kurushia mbwa, hivyo aliyabeba kutoka vilima vya mbali, kwa mabega, akilikunja koti la jeshi kuwa mto wa mzigo. Akayapanga juu ya mwamba kwa duara, jiwe kwa jiwe, upana uleule wa msonge wa kweli, kila duara mahali pale mwenye nyumba alipokuwa amelala siku zile za lori. Hakuinua ukuta wala hakuezeka paa, ila kila duara aliliachia mlango, na kila mlango ulitazama kwao mwenyewe. Wa Mzinza ulitazama magharibi, kule Geita. Ukisimama ndani yake uliona mbuga yote mpaka inapoungana na mbingu, na mimi, ambaye kila kitu nakitazama kwa jicho la kukiuza, nikasahau kuitia bei.

Nilihesabu maduara. Nikahesabu tena.

"Mlichora sita," nikamwambia. "Hapa zipo tano. Yako iko wapi?"

"Mimi nina mlango wa mama."

"Ambao huingii."

"Nitaingia. Kwanza hawa wakae kwao." Akasogeza jiwe moja kwa kidole cha mguu. "Nyumba isiyo na mlango ni nini, wewe mjuaji?"

"Ghala lililojengwa na mlevi."

Hakucheka. "Ni kaburi," akasema. "Makaburi walipewa kulekule. Hapa nataka mtu akichoka kuzunguka akute pa kuingilia."

Hilo tu ndilo alilotaka, milango mitano ikae wazi. Lilionekana jambo dogo kuliko mfuko wa chumvi.

Sasa, kwetu mtu hapiti mahali pa wafu mikono mitupu. Huja na jiwe, hata la kubeba tangu vilimani, akaliweka. Tena mgeni haingii nyumba ya mtu hivihivi. Husimama mlangoni, akabisha hodi, na alichobeba hukitua pale kizingitini. Watu walipoona nyumba za marehemu njiani, wakaunganisha desturi hizo mbili bila kuulizana. Wa kwanza alikuwa mzee aliyetoka kuuza kuku. Akavua kofia, akabisha hodi, akaweka jiwe katikati ya mlango wa Mzinza. Wa pili akaliona lile la kwanza, akaweka lake juu yake.

Kaka akawa anakwenda alfajiri kuyatoa. Basi nikaingia kazini. Nikaketi mwambani na bidhaa zangu, nikawa nawavizia wapita njia kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama. Hilo jiwe, naomba uliweke pembeni, huku."

"Marahaba. Pembeni kuna nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Sasa nimwekee nani?"

Nikafanya maarifa. Nikaanzisha rundo langu mwenyewe kando ya njia, nikatangaza kwamba hilo ndilo la wote watano kwa pamoja. Walilipokea vizuri sana. Wakaweka jiwe moja kwenye rundo langu, kisha jingine mlangoni. Nilikuwa nimewaongezea kazi, na wao wakanishukuru.

Nikakata matawi ya miiba, nikaziba milango, nikiwaza kwamba mtu hatupi jiwe ndani ya miiba. Kaka akayakuta. Sijawahi kumwona hivyo.

"Umewafungia kama ng'ombe!"

"Ni kwa muda tu, kaka."

"Mzinza umemfungia na mgunga! Miiba yote hii!" Akayang'oa kwa mikono mitupu, akaenda kunawa damu.

Mwisho nikamfuata mwanangwa, yule mkubwa wa kijiji chetu, nikamweleza mpaka koo likakauka. Alinisikiliza kwa makini kuliko mteja yeyote niliyewahi kumpata. Siku ya baraza akasimama mbele ya watu akasema kwamba mahali pale ni pa heshima, ni pa vijana wetu, na yeyote atakayepita bila kupaheshimu ataonana naye. Juma lililofuata mawe yalikuja makubwa zaidi. Mengine yalibebwa na watu wawili kwa mti.

Mjini serikali nayo ilijenga nguzo yake ya saruji ya kuwakumbuka askari, yenye mnyororo pande zote na bustani ndogo. Nilikwenda kuitazama. Hapakuwa na jiwe hata moja la mpita njia. Nilimwambia kaka labda tungeomba mnyororo. Akaniuliza nguzo ile mtu anaingilia wapi.

Kisha maneno yakaanza. Watu walikuwa wamemwona alfajiri akitoa mawe yaliyowekwa kwa ajili ya wafu, akiyabeba kwa koti. Mtu anayewanyang'anya wafu vitu vyao kabla jua halijatoka, kwetu ana jina lake, mchawi, na jina hilo huwa halina mjadala mrefu. Mwanangwa alikuja nyumbani mwenyewe, akakataa kuketi.

"Mwambie kaka yako aache."

"Ni yeye aliyepajenga, baba."

"Najua. Na wao wanajua. Ndiyo maana inawatisha zaidi." Akamtazama mama aliyekuwa akipeta mtama. "Sitaweza kuwazuia. Nakwambia mapema."

Jioni nikamwambia. Kaka aliacha kutoa mawe. Ila kwenda aliendelea, akawa anakaa tu juu ya mwamba kutwa, na mimi nakaa naye, bidhaa zangu zikipigwa jua, tukitazama watu wema wakija mmoja mmoja na mawe yao. Mgomvi ningemweza, kwa maana mgomvi ana bei yake. Watu wale walikuwa wanaomba radhi kwa kuchelewa.

Milango minne ikajaa. Ukiiona sasa hungejua kwamba iliwahi kuwa milango. Uliobaki ni ule wa kijana wa Songwa, kwa kuwa ulitazama upande usio na njia.

Alikuja bibi mmoja kutoka upande huohuo usio na njia, akikanyaga mabua ya mtama, jiwe kichwani juu ya kata. Tulimwona tangu yuko mbali. Alipanda mwamba polepole, na kaka akasimama.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia bibi yule kwa Kisukuma, kama mama yake.

"Mwangaluka, ng'wanawane." Alimwita mwanangu, huku akihema. "Gulioni wameniambia kuna nyumba za vijana wa lori. Wangu alichukuliwa na lori hilo. Ipo ya mtu wa Songwa?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshaandaa maneno, mazuri tu, yaliyoanza na shikamoo. Kaka akanigusa mkono, nikafunga.

"Ni hii," akasema.

Bibi alilizunguka duara mara moja, akiwa na jiwe lake kichwani. Alipofika mlangoni akasimama, akasema hodi. Akasubiri. Kisha akainua mikono ashushe jiwe, akashindwa. Lilikuwa zito, na sijui alilitoa wapi katika nchi ile ya udongo mtupu.

"Nisaidie, mwanangu. Nataka likae katikati kabisa."

Kaka alilipokea kwa mikono miwili. Alibaki nalo kifuani kwa kitambo, akitazama ndani ya duara. Halafu akapiga magoti, akaliweka katikati ya mlango, na alipoona linayumba, akatafuta kokoto akalikaza.