Ndege Iliyoanguka na Dumu la Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu alinionyesha boliti aliyokuwa ameikaza mwenyewe, akaniuliza kama imekaza. Nikajibu imekaza, maana ameikaza yeye. Akaninyang'anya spana na kunifukuza karakana mpaka kesho yake. "Umeniamini, kijana," alisema. "Kwenye kazi hii fundi akiamini, abiria anazikwa." Niliporudi niligusa kila boliti kwa mkono wangu, na tabia hiyo haijaniacha. Mke wangu, Anna, husema hata chai yake nainywa kwa kuishuku.

Ninyi mnaosomea ufundi wa ndege siku hizi mna kompyuta inayowaambia ubovu uko wapi. Sisi tulikuwa na masikio, pua na mashaka. Nilianzia Dar es Salaam, nikahamishiwa Mwanza, na huko Mkaguzi Mkuu akanifundisha kupima mafuta ya ndege. Unachota kidogo kutoka chini ya tangi la bawa, unaweka kwenye chupa angavu, unasubiri. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hutulia chini. Ukiyaona, ndege hairuki, hata kama ndani amekaa waziri na anaangalia saa yake. Miaka ya mwisho niliingizwa kwenye timu ya kuchunguza ajali, na kazi hiyo ndiyo iliyonirudisha kwetu Singida, kwa ajali ambayo afadhali angeitwa mwingine.

Ndege ndogo ya abiria ilikuwa imeruka kutoka kiwanja kimoja cha vumbi, si mbali na Ilongero. Iliinuka, ikanyanyua pua kupita kiasi, ikalala upande, ikaangukia shamba la alizeti. Rubani alifariki. Abiria walitoka wamevunjika miguu na mbavu, lakini wazima. Tulipofika, polisi walikuwa wameshamweka ndani Hamisi, mjazaji mafuta wa kiwanja. Kwenye makundi ya simu kesi ilishakwisha: Hamisi kaiba mafuta, kajazia maji. Wengine walisema rubani alikuwa amelewa. Wengine walimtaja mwenye shamba, eti mchawi. Kila mtu alikuwa na mshukiwa wake, na mimi niliwashuku wote kwa kuwa na uhakika mapema namna ile.

Nilimkuta Hamisi mahabusu, macho mekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mafuta uliyapima?"

"Niliyapima, mzee, na rubani aliiangalia chupa kwa macho yake. Lakini shahidi wangu ndiye huyo aliyekufa. Watanifunga."

Sikumwamini. Nilikwenda kuiangalia propela. Injini ikizima kabla ya ndege kugonga ardhi, mapanga ya propela hupinda tu. Ikigonga huku inazunguka kwa nguvu, hujikunja vibaya sana. Haya yalikuwa yamejikunja vibaya sana. Injini ilikuwa ikivuta mpaka mwisho, na mafuta yaliyobaki tangini yalikuwa safi. Kama si mafuta, ni nini?

Ndipo nikamwona jogoo. Jogoo wa kienyeji, hai, miguu imefungwa kamba, amelala kati ya mabua ya alizeti ananitazama kama mtu anayedai haki yake. Kwenye mizigo iliyopimwa siku ile hakukuwa na kuku. Nikaanza kupekua mkia wa ndege. Tulitoa madumu ya mafuta ya alizeti, ndoo za asali, viroba vya vitunguu, vyote vimesukumwa nyuma kabisa.

Hapa nieleze. Ndege ina kitovu cha uzito, yaani pale ambapo ungeifunga kamba na kuining'iniza ingekaa sawa. Mliowahi kupakia baiskeli mtanielewa. Weka gunia zito mno kwenye keria, kisha anza kupanda mlima: gurudumu la mbele linanyanyuka na usukani haukusikii tena. Mkia wa ndege ukizidiwa, pua inapanda, mabawa yanakosa hewa ya kuyabeba, na rubani hata asukume usukani kwa nguvu zake zote haimtii.

Nikamhoji mpima mizigo. "Mzee, kila kilichopita kwenye mizani yangu nilikipima," alisema. Lilikuwa neno la kweli, ila nilichukia jinsi alivyolichagua.

Dumu moja lilikuwa limezibwa kwa nailoni na kufungwa na utepe wa kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Anna ana gauni la kitenge kile. Doti waligawana yeye na mama yake, na mama yake anakaa Ilongero. Nililiweka lile dumu kando, peke yake.

Nilimwendea Kiongozi wa Uchunguzi nikamweleza kila kitu, nikamwomba anitoe kwenye kazi ile.

"Unamshuku mama mkwe wako?"

"Ndiyo, mkuu."

"Basi mimi nitakuwepo nisikilize, lakini utamhoji wewe. Mgeni akimhoji atanyamaza, na yule bwana wa mafuta ataozea ndani."

Katika ukoo wa mke wangu, mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hakai naye kiti kimoja. Kwa hiyo nilikaa uani nimempa mgongo, yeye akabaki ndani, na Anna akasimama mlangoni kupitisha maneno. Kiongozi alikaa kwenye kigoda bila kujua atazame wapi.

"Muulize mama kama alipeleka mzigo."

Hakusubiri kuulizwa. "Mwambie baba, ndiyo. Dumu na jogoo, vya mjukuu wangu aliyeko Dar. Wa mizani aliniambia, 'Mama, hiyo ni zawadi, zawadi haipimwi, pitisha huku nyuma.' Tulikuwa wengi. Rubani mwenyewe tulimpa asali. Angeondokaje mikono mitupu?"

"Muulize kama atayasema hayo polisi."

Mama akauliza, "Hamisi ana mama?"

"Anaye," Anna akajibu.

"Basi nipe kanga yangu twende."

Hamisi aliachiwa. Mpima mizigo alifukuzwa kazi, naye hakuwa peke yake aliyejua. Ripoti ilipotoka iliorodhesha sababu zinazowezekana: mzigo wa mkiani, upepo uliokuwa ukivuma kutoka nyuma, rubani kuwahi kuinua pua. Kila moja ilitanguliwa na "huenda". Nilishuku kuna mtu alizinyunyizia hizo "huenda" kwa ajili ya wenye ndege, na nashuku hivyo mpaka leo.

Sasa nimestaafu, nimejenga hapa hapa Ilongero. Sijutii kazi ya mashaka, imewafikisha watu wengi makwao. Ila haiji bila kuumiza. Tangu ajali ile mama mkwe hampi msafiri kitu. Mjukuu wake alikuja likizo akaondoka bila hata yai, majirani wakamsema. Wanawe walimwambia asijali, dumu lake lilikuwa dogo, halina hatia. Alikuwa akiwaitikia tu.

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi langu nje. Akaja peke yake, bila Anna, akasimama mbele yangu na kunitazama usoni.

"Baba, ni dumu langu lililomuua yule rubani?"

"Mama, ripoti inasema..."

"Sijaiuliza ripoti. Wewe ndiye unayeshuku watu. Mimi unanishuku?"

Madumu yalikuwa mengi, na lake lilikuwa moja. Bila lile moja, ile ndege ingeruka salama? Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi na haijawahi kunipa jibu. Nilitaka sana kusema hapana. Ningeweza, na angejua.

"Nawashuku wote mliopeleka, mama," nikasema. "Na wewe umo."

Akavuta pumzi ndefu.

"Ahsante, baba," akasema. "Wanangu wote walikuwa wananidanganya."

Akakusanya kanga yake, akaketi kando yangu kwenye benchi lile lile, na mimi sikuinuka.