Muuza Dawa wa Usagara

Tangu biashara ziachiwe huru na dawa zijae madukani, muuza dawa wa Usagara ana jibu moja kwa kila tumbo: "Asidi hiyo, bibie. Tafuna vidonge viwili." Naye hutafuna vyake papo hapo, midomo myeupe pee kwa unga wake. Mteja wake Mwanasiti alipomweleza kuwa daktari amemkuta na vijidudu tumboni, na visipouawa huenda vikaleta saratani, muuza dawa alicheka hadi akashika meza. "Mdudu aishi kwenye asidi? Daktari huyo kasomea mifugo!" Wateja wakaangua kicheko. Hasira zikampanda Mwanasiti, akakunja cheti chake cha dawa akatoka. Muuza dawa akamfuata barazani, akaangaza huku na huku, akanong'ona: "Dada'angu, hebu nikione hicho cheti. Mie nami tumbo laniuma, mwaka wa tatu huu."