Salamu ya Mzunguko wa Mwisho

Kwetu Nambis, mtu hampiti mkubwa wake bila kumwamkia. Nilikuwa na miaka tisa hivi nilipompita mzee mmoja kwenye mteremko wa kwenda shule, nikikimbia kwa kuchelewa. Habari ilimfikia mama kabla sijatoka darasani. Jioni alinirudisha mpaka kwa yule mzee, nikamwamkia mbele ya ng'ombe wake, tukasubiri aitikie ndipo tukaondoka. "Miguu unayo," mama aliniambia njiani, "lakini na mdomo pia unao."

Basi nikajifunza kuamkia nikiwa mbioni. Kocha wangu wa kwanza, mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alichoka na mimi. Kila asubuhi nikikimbia kuelekea Mbulu mjini nilikutana na wazee wanaopeleka maziwa na akina mama wanaokwenda sokoni, na kila mmoja nilimpunguzia mwendo. "Unafanya mazoezi au unaomba kura?" alinifokea. Nilicheka, lakini sikuacha.

Aliyenifanya mkimbiaji kweli ni mwanamke wa Gendabi, kule Hanang. Alinizidi miaka kumi na miwili, na alikuwa bingwa wa taifa wa mita elfu kumi wakati mimi bado navaa sketi ya shule. Aliniona kwenye mashindano ya mkoa, akaja kumwomba mama nikaishi kwake. Nilikaa naye miaka mitatu. Nililala kwenye chumba chenye magunia ya mahindi, nikamsaidia kukamua, na asubuhi na mapema tulikimbia chini ya mlima. Upepo wa Hanang hauna adabu; unakusukuma kifuani kama mtu mnayegombea mlango. Yeye ndiye aliyetangulia kila siku. "Kaa nyuma yangu," alisema, "upepo niachie mimi." Na kuna jingine alilolirudia mpaka nikalikariri: mkimbiaji hageuki. Anayegeuka ameshashindwa.

Miaka yote mitatu sikumpita hata mara moja. Si kwamba sikuweza. Mwaka wa mwisho nilijua naweza, na nadhani yeye pia alijua, lakini hatukulizungumza.

Kisha yakaja mashindano ya kuchagua timu ya kwenda nje. Nafasi ya wanawake kwenye mita elfu kumi ilikuwa moja tu. Safari mbili za nyuma zilikuwa zimemponyoka kwa sababu ya majeraha, na umri ulikuwa umemfikia. Asipokwenda mwaka ule asingekwenda tena. Asubuhi ile tulikunywa chai pamoja, kisha akanibania namba kifuani kwa pini, taratibu, asinichome.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia tulikuwa wawili peke yetu mbele, mimi nyuma yake kama kawaida. Zikabaki mita mia moja. Nikaona bega lake la kushoto limeanza kushuka, dalili ya kuchoka ambayo uwanja mzima niliijua mimi tu. Nikatoka pembeni, nikalingana naye, na mdomo ukafunguka.

"Shikamoo dada."

Akageuka. "Marahaba," akasema.

Neno hilo moja lilimmaliza. Nilisikia pumzi yake ikikatika, hatua zikavurugika, nami nikapita. Nilishinda kwa hatua mbili.

Nimeulizwa mara nyingi kama nilifanya makusudi. Watu wetu wanajua kwamba shikamoo haiachwi hewani, huitikiwa hata na mgonjwa aliye kitandani. Mimi pia nilijua, ndiyo maana siwezi kuapa. Nikiwa na hasira nasema ni malezi ya mama tu yaliyonitoka. Nikiwa peke yangu, na nimekuwa peke yangu sana, nakumbuka kwamba nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi ile ile, kabla ya chai, na kwetu mtu haamkiwi mara mbili kwa siku moja.

Hakunisema kwa mtu yeyote; waliosimama kando ya uwanja ndio walioisikia salamu ile, wakaisambaza. Alikusanya vitu vyake, akapanda basi la kurudi kwao bila kuniaga. Nilimpigia simu wiki nzima, ikawa inaita tu.

Yaliyofuata yaliandikwa magazetini: medali, bendera mabegani, mapokezi ya uwanja wa ndege. Ambayo hayakuandikwa ni vyumba vya hoteli vyenye madirisha yasiyofunguka, na simu za mama, ambaye baada ya "umekula?" alikosa la kuniuliza. Niliwahi kukaa mwezi mzima katika mji wa baridi ambako maji ya mfereji yaliganda yakawa barabara. Wanawake wawili walikuwa wakifanya mazoezi juu ya ile barafu, viatu vyao vina vyuma vyembamba chini, wameinama, mikono wameiweka mgongoni. Mmoja alitangulia na mwenzake alimfuata karibu kabisa. Baada ya muda wa mbele alijitoa pembeni kidogo, wa nyuma akapita, akashika zamu ya upepo. Hakuna aliyesema neno. Nilisimama darajani mpaka vidole vikafa ganzi. Nililia, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza nalilia nini.

Mbulu walinipokea kwa shangwe, wanafunzi wamepanga mstari barabarani. Lakini sokoni, nikimwamkia mama mtu mzima, hakukosekana wa kupaza sauti: "Huyo mwitikie ukiwa umekaa!" Wote walicheka, nami nikacheka nao. Nikifika nyumbani nilijifungia ndani. Utani ule uliniuma kuliko goti.

Goti ndilo lililonistaafisha. Mwaka jana, nikiwa sina tena mashindano ya kufanya kisingizio, nilipanda basi mpaka Katesh, nikachukua bodaboda hadi Gendabi. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, kichwa kimejaa mvi.

"Shikamoo dada," nikasema.

Aliendelea kupukuchua. Nikasimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa. Mwishowe akasema, "Kaa."

Alinipa kigoda, akanipa chai. Nikachukua mahindi na mimi nikaanza kupukuchua. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Mbulu, yote yakapotea. "Dada, nisamehe. Siku ile mimi mwenyewe sijui..."

"Mahindi ya mwaka huu yana wadudu," akanikatiza.

Tukapukuchua mpaka jua likaanza kushuka. Kisha akainuka kunisindikiza. Njia ya kutokea barabarani ni nyembamba, inapita katikati ya mashamba, na upepo ulikuwa ule ule. Alitangulia. Nilimfuata nyuma, bega lake la kushoto limeshuka, upepo wote ukimpiga yeye. Goti lilikuwa linauma, lakini ningeweza kutembea hivyo mpaka Singida.

Tulipokaribia barabara alisimama, akajisogeza pembeni kwenye majani.

"Pita," akasema.

Nikapita. Nilifumba mdomo kwa nguvu, neno lolote lisije likanitoka. Nilikuwa nimeshamwacha hatua tatu nne niliposikia sauti yake nyuma yangu.

"Marahaba."

Niligeuka.