Debe la Kuitia Shomoro

Kulisha ndege nilianza kwa uvivu, si kwa huruma. Nilimwaga ukoko wa ugali nyuma ya nyumba yetu hapa Soweto, Mbeya, na kabla sijarudi na maji shomoro walikuwa wameumaliza. Masika hawanijui kabisa. Nyasi zimejaa mbegu, wanapita juu ya bati na viburi vyao. Baridi ya Juni ikianza kuuma, hao, wakavu wa macho, wamerudi. Basi nikawatia adabu: nagonga debe kwa mwiko, wanashuka, namwaga chenga. Bila debe hakuna kula.

Mume wangu alinionya kitu kimoja tu: nisithubutu kumwambia mama yake.

Mama mkwe alikuja Julai kutoka kwao karibu na Tosamaganga, Iringa, na gunia la ulezi. Mwanangu, mjukuu wake wa kwanza, alikuwa anapata kipaimara, na pombe ya siku hiyo angeipika yeye, si mtu mwingine, na hasa si mimi. Aliuloweka ulezi, ukaota, akauanika uani kwenye turubai uwe kimea. Alikuwa akikigeuza kwa vidole, taratibu, na kunifukuza nikisogea.

Siku ya pili nikiwa jikoni nikasikia debe. Yallah! Nikatoka mbio.

Shomoro wawili walikuwa wametua kwenye kimea, naye mama mkwe kanyakua debe langu, analitwanga kwa mwiko, "Swaa! Swaa!", kama watu wanavyofukuza ndege wakiamia mashamba ya ulezi kule kwao. Soweto nzima ikashuka. Akazidi kupiga, wakazidi kuja, chiriku na tetere nao.

"Mama, acha kupiga!"

"Niache vipi, huoni wanakula?"

Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Yeye hakucheka. Waliposhiba wakaondoka, kimea kilichobaki kilikuwa kimejaa mavi. Akakaa pembeni ya turubai.

"Nilikuwa darasa la pili," alisema. "Baba akanitoa nikaamie ulezi, msimu mmoja tu. Sikurudi tena. Hata jina langu siwezi kuliandika, kwa sababu ya hawa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia ukweli wote, ukoko, chenga, debe.

"Unawapa chakula? Kwa hiari yako?" Alinitazama kama nimesema nafuga panya. "Mkwe, wewe mgonjwa."

Siku ya kipaimara wageni walikunywa soda. Wajomba hawajanisamehe mpaka leo.

Kesho yake asubuhi nikasikia debe tena. Nilimkuta uani, kile kimea kilichoharibika kakiweka kwenye ungo, anawamwagia kidogo kidogo huku akiwatukana kwa Kihehe. Alipomaliza, akakung'uta ungo, akaketi kwenye kigoda na kujipangusa mikono kwenye kitenge.

"Hawa wameshakula vya kutosha," akasema bila kunitazama. "Haya, niletee daftari la mjukuu wangu, na kalamu."